Oktoba ya Riyadh: Nani Atamlaza Nani

Leo ni Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024. Nazungumza nawe kutoka Jeddah, mtaa wa Bani Malik, au tuseme kilichobaki cha Bani Malik, maana sehemu kubwa ya mtaa huu ilipitiwa na ile bomoabomoa iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2021. Nyumba niliyofikia siku ya kwanza sasa ni kiwanja kitupu. Tuliobaki tumebanana upande ambao tingatinga halikufika. Chumbani kwetu tuko watano: madereva wawili, mlinzi mmoja wa Mombasa, mzee wa Kipemba ambaye ni mpishi, na mimi. Kila mmoja ana kazi yake na saa zake, lakini likitajwa pambano, hata aliyelala huamka.

Na mwezi huu yametajwa mengi. Sijaona Oktoba kama hii tangu nianze kufuatilia MMA, haya mapigano mseto ambamo ngumi, teke, kiwiko, goti, mieleka na kabali vyote vinaingia ndani ya uzio mmoja. Yapo ya Marekani, yapo ya Abu Dhabi, lakini kubwa kuliko yote liko huku huku Saudia, Riyadh, Jumamosi ya tarehe 19: Francis Ngannou na Renan Ferreira. Nitaanza na hilo, na huenda nikakaa hapo kuliko ulivyotarajia. Univumilie.

Ngannou wengi mnamjua kwa konde. Ni kijana wa Batié, Kameruni, aliyechimba mchanga machimboni akiwa bado mtoto kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu. Mwaka 2012 akaondoka. Akalivuka jangwa la Sahara, akafika Moroko, akaijaribu bahari mara baada ya mara, na alipofika Hispania wakamweka kizuizini miezi miwili. Paris alilala kwenye maegesho ya magari kabla hajapata ukumbi wa mazoezi uliomfungulia mlango. Machi 2021 akamlaza Stipe Miocic katika raundi ya pili, akavaa mkanda wa dunia wa uzito wa juu wa shirika la UFC. Kwa watu wa chumba chetu hadithi hii haihitaji maelezo. Dereva wetu mmoja akiisikia sehemu ya Moroko huacha kula.

Lakini tangu tarehe 22 Januari 2022 Ngannou hajaingia kwenye uzio wa MMA. Hesabu mwenyewe: ikifika siku ya pambano itakuwa miaka miwili na miezi tisa kasoro siku tatu. Katikati hapo ameachana na UFC, amejiunga na shirika la PFL, na amekuja Riyadh mara mbili kupigana ngumi za kawaida. Mara ya kwanza, Oktoba 2023, alimwangusha Tyson Fury raundi ya tatu, dunia nzima ikasimama, kisha majaji wakagawanyika na ushindi ukaenda kwa Fury. Mara ya pili, tarehe 8 Machi mwaka huu, Anthony Joshua alimwangusha mara tatu ndani ya raundi mbili, na ile ya tatu ikawa ndiyo mwisho. Haikupita miezi miwili akampoteza mwanawe Kobe, mtoto wa miezi 15.

Wachambuzi wengi wanauliza kuhusu kutu. Wanasema mtu akikaa nje muda huo wote mikono inakuwa mizito, jicho linachelewa, miguu inasahau. Ni kweli, kutu ipo. Lakini mimi nadhani ukitaka kutabiri pambano usiulize mtu amekaa nje siku ngapi. Uliza amefanya nini siku hizo, na nini kimemfanya yeye. Mtu aliyekaa miaka mitatu kijiweni na mtu aliyekaa miaka mitatu ughaibuni akibeba mizigo hawarudi nyumbani wakiwa sawa, hata kama tarehe za kuondoka na kurudi ni zile zile. Ngannou hakukaa kijiweni. Amesimama mbele ya mabondia wawili bora wa uzito wa juu wa zama hizi, katika mchezo ambao si wake, na mmoja wao akamwonyesha jinsi inavyokuwa mtu akikuona kabla hujafika. Funzo kama hilo halipatikani kwenye mfuko wa mazoezi.

Sasa tumwangalie Ferreira, maana anastahili kuogopwa. Mbrazili huyu wanamwita Problema, na jina limemkaa. Ana urefu wa mita mbili na ushee, na mikono yake ni mirefu kuliko kimo chake. Mwaka jana alitwaa ubingwa wa msimu wa PFL na dola milioni moja. Februari mwaka huu, Riyadh, alimkuta Ryan Bader, bingwa wa shirika la Bellator, akammaliza kwa sekunde 21. Sekunde 21, msikilizaji. Mlinzi wetu alikuwa anatafuta chaja ya simu. Alipoipata, pambano limekwisha.

Ngoja nikusimulie jambo la juzi Jumanne. Tulikuwa tunalirudia pambano la Ngannou na Ciryl Gane, lile la Januari 2022, ambalo ndilo la mwisho alilopigana kwenye MMA. Simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Mzee wetu anakanda unga wa chapati za kesho yake, kwa hiyo anatazama kwa jicho la pembeni. Yeye majina hayajui, na wala hayataki. Ngannou anamwita "yule wa mchanga". Ilipofika raundi ya tatu, Ngannou akamkamata Gane, akamnyanyua, akamtupa chini. Mzee akasema, "Simamisha hapo, mwanangu." Nikasimamisha. Akanyoosha kidole chenye unga hadi kikakaribia kugusa kioo, akakizungusha penye goti la Ngannou, ambalo siku ile lilikuwa limefungwa bandeji.

"Huyu mguu unamuuma," akasema. "Tazama anavyoukanyagia."

Nikamwambia, "Ndiyo mzee, aliingia ulingoni kano za goti zimechanika."

"Na bado kamwangusha mwenziwe?"

"Kamwangusha, na baadaye akarudia. Ndivyo alivyoshinda. Majaji wote watatu walimpa yeye."

Mzee akarudi kwenye unga wake. Akakanda kimya, dakika nzima hivi. Kisha akauliza, "Na huyo mrefu mnayemsema, akilazwa chini, atainukaje?"

Msikilizaji, swali hilo ndilo pambano lenyewe. Nimesoma uchambuzi mwingi wiki hizi mbili, wote unapima konde kwa konde: nani anapiga kwa nguvu zaidi, nani ana mkono mrefu, nani atatangulia. Ukilipima hivyo, Ferreira ana hoja nzito. Anafika mbali, na Ngannou tumeshamwona akipigwa na mtu anayefika mbali. Lakini MMA ina sakafu. Mtu wa urefu ule akipigwa mtama au akikamatwa kiunoni, ule urefu wote unageuka mzigo. Miguu inakuwa mirefu kuikunja, mgongo unakuwa mkubwa kuugeuza.

Nami nina kumbukumbu. Mei 2021 Ferreira alikutana na Fabricio Werdum, mkongwe wa jujitsu. Werdum alimnasa kwa miguu, akamkaba, na picha zinamwonyesha Ferreira akigonga kwa mkono kuashiria kwamba amesalimu. Mwamuzi hakuona. Werdum akalegeza akijua amemaliza, Ferreira akamshukia kwa ngumi na kutangazwa mshindi. Baadaye ushindi ule ulifutwa, pambano likaandikwa kuwa halina mshindi. Simlaumu Ferreira hapa. Ndani ya uzio damu inachemka. Nasema tu kwamba tulishaona mahali ambapo mlango wake haujafungwa vizuri, na sijaona bado kama ameutia komeo.

Na Ngannou mlango huo anaujua kwa sababu aliwahi kuingiliwa kupitia hapo hapo. Januari 2018, Boston, Miocic alimburuta chini raundi baada ya raundi mpaka akaishiwa pumzi. Watu wakamwandika kuwa ni mtu wa konde moja. Alirudi mazoezini akajifunza mieleka, akamlaza Miocic kwenye marudiano, kisha akamshinda Gane kwa mieleka akiwa na goti bovu. Hiyo ndiyo silaha yake ambayo haitangazwi kwenye mabango.

Kwa hiyo nasema: Ngannou anashinda. Dakika mbili za kwanza zitakuwa za hatari, maana Ferreira atataka kummaliza kabla hajazoea tena hewa ya mle ndani. Akivuka hapo, atamkamata, atamweka chini, na kutoka juu atapiga. Naiweka raundi ya pili. Kuhusu Kobe sina la kuchambua. Mimi ni baba, na watoto wangu siwaoni ila kwenye simu. Najua tu kwamba siku ile atapanda akiwa na mtoto wake moyoni, na sioni mtu mwenye haki ya kusema hilo litampa nguvu au litamwondolea.

Hapa niseme neno kuhusu utabiri, kwa sababu vijana wa nyumbani wananiandikia wakiniomba "mkeka". Sitoi mkeka. Nimewaona walioweka mshahara wa mwezi kwenye pambano la watu wasiowajua. Halafu tazama: Joshua huyo huyo aliyemlaza Ngannou mwezi wa tatu, wiki mbili zilizopita kaangushwa na Daniel Dubois pale Wembley raundi ya tano, mbele ya umati uliokuja kumshangilia. Na sisi wa Tanga hatuhitaji mfano wa mbali. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham, Uingereza, kupigana na Sam Eggington. Waingereza wakamwona kama mtu wa kujazia usiku. Raundi ya pili Eggington hoi. Siku ile ambao wangejibu vizuri ni wale waliomwona Mwakinyo akijifua kabla jua halijatoka, na hao hakuna aliyewauliza.

Basi tuendelee. Usiku huo huo wa tarehe 19 kuna wanawake wawili ambao ningewapanga wawe wa mwisho kama ningeulizwa: Cris Cyborg na Larissa Pacheco, wote Wabrazili. Cyborg ana miaka 39 na mikanda ya mashirika mengi kuliko anayoweza kuivaa kwa pamoja. Pacheco ndiye aliyemfunga Kayla Harrison Novemba 2022, wakati wengi waliamini Harrison hafungiki. Pacheco ni kijana zaidi na ana mkono mzito wa kulia. Lakini Cyborg ameacha ile papara ya zamani. Siku hizi anakata pembe na kupiga kwa mpango. Naye nampa, kwa pointi, baada ya raundi zote tano.

Nikiwatazama hao wawili nakumbuka tarehe 20 Agosti 2022, hapa Jeddah. Usiku ule wa pambano la ngumi kati ya Usyk na Joshua, kabla ya wakubwa kupanda, alipanda Ramla Ali, binti wa Kisomali aliyezaliwa Mogadishu, akakimbizwa na vita akiwa mdogo, akapita Nairobi kama mkimbizi kabla ya familia kufika London. Alipambana na Crystal Garcia Nova, na lilikuwa pambano la kwanza la ngumi za kulipwa la wanawake katika ufalme huu. Raundi ya kwanza tu, Garcia Nova chini. Mei mwaka huu, Riyadh, Hattan Alsaif, Msaudia wa kwanza mwanamke kusajiliwa na shirika kubwa la MMA, alimshinda Mmisri Nada Faheem katika raundi ya pili. Dada mmoja wa Uganda anayefanya kazi za nyumbani karibu na kwetu aliniambia amelirudia pambano la Ramla mara nyingi hata tajiri wake amelizoea. Nikamuuliza anaangalia nini hasa. Akasema, "Naangalia anavyotembea kwenda kwenye ulingo, kaka. Pale tu."

Mengine ya usiku huo nayapita kwa haraka. Johnny Eblen na Fabian Edwards wanarudiana uzito wa kati. Eblen alimlaza mwaka jana Dublin, na sioni kilichobadilika. AJ McKee na Paul Hughes wa Ireland: moyo unaniambia Hughes, akili inaniambia McKee. Nafuata akili.

Kabla ya hapo, keshokutwa, UFC wako Salt Lake City. Kwetu itakuwa Jumapili alfajiri, kama saa kumi na moja, kwa hiyo ukimaliza kuswali usirudi kulala. Alex Pereira, ambaye zamani alikuwa fundi kwenye karakana ya matairi, anautetea mkanda wake kwa mara ya tatu mwaka huu, dhidi ya Khalil Rountree. Rountree anatumia mkono wa kushoto na mateke yake yanauma. Ila Pereira anatembea taratibu kama mtu anayefuata deni lake. KO, si zaidi ya raundi ya tatu.

Tarehe 12, Riyadh tena, ni ngumi tupu: Artur Beterbiev na Dmitry Bivol, mikanda yote ya uzito wa juu mwepesi. Beterbiev amepigana mara 20 na kushinda zote kwa KO. Bivol hajawahi kupoteza. Hili si la MMA na sitalikalia, lakini ukikosa kuliona utajuta. Bivol kwa pointi, kwa unywele.

Na tarehe 26 ni UFC tena, Abu Dhabi. Ilia Topuria anautetea mkanda dhidi ya Max Holloway. Holloway alinifanya niruke kitandani Aprili, alipomlaza Justin Gaethje ikiwa imebaki sekunde moja pambano liishe. Hajawahi kulazwa maishani mwake, na sidhani Topuria atakuwa wa kwanza. Topuria kwa pointi. Linalonikosesha usingizi siku hiyo ni Robert Whittaker na Khamzat Chimaev. Hawa walipaswa kukutana huku Riyadh tarehe 22 Juni, UFC ilipokuja Saudia kwa mara ya kwanza. Chimaev akaugua, wakamleta Ikram Aliskerov, na Whittaker akamlaza kabla ya dakika mbili kwisha. Mlinzi wetu alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya Chimaev, akabaki anazungumzia jambo hilo hadi Agosti. Yeye ni wa Chimaev kufa na kupona: anasema ataanza kumkaba Whittaker kengele ikilia. Mimi nasema Chimaev mbichi raundi ya kwanza ni moto, raundi ya tatu ni majivu, na Whittaker anajua kusubiri. Whittaker kwa pointi. Tumeshabishana hadi jirani amegonga ukuta.

Jina moja la mwisho, la Novemba, lakini nalitaja leo kwa ajili ya wasikilizaji wa Kongo. Tarehe 29 mwezi ujao, Riyadh, Impa Kasanganay, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Kongo, atapigana fainali ya PFL na Dovletdzhan Yagshimuradov. Huenda unamjua bila kujua. Oktoba 2020, Abu Dhabi, Joaquin Buckley alikamatwa mguu, akazunguka hewani na kumpiga teke la uso ambalo dunia nzima ililitazama. Aliyeanguka kama gogo alikuwa Kasanganay. UFC wakaachana naye. Miaka mitatu baadaye akatwaa ubingwa wa PFL na milioni yake. Februari mwaka huu Eblen alimshinda kwa majaji kugawanyika, kwa tofauti ndogo mno. Teke lile bado linarushwa mitandaoni kila wiki na watu wanacheka. Nikiliona naangalia sekunde ya pili na ya tatu baada ya kuanguka, nafikiria alivyoamka kitandani asubuhi yake, simu imejaa.

Muda umenibana. Jumamosi ya tarehe 19 saa zetu na zenu ni moja, Jeddah na Dar na Nairobi, kwa hiyo hakuna wa kumsimulia mwenzake kabla. Mlinzi amebadilishana zamu. Dereva mmoja atakuwa njiani kutoka Taif na ameapa kuwa atafika. Mzee amesema atapika mapema, pilau, ili mikono yake iwe mitupu. Jana usiku nikamuuliza na yeye atoe neno lake. Akakung'uta unga viganjani.

"Wewe umesema raundi ya pili?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nasema ya kwanza. Yule wa mchanga hataki kukaa mle muda mrefu."